Magari, Ngamia na Mayai ya Kale: Safari za Kisayansi katika Jangwa la Gobi

Jangwa la Gobi limeenea kusini mwa Mongolia na kaskazini mwa China. Ukubwa wake hukadiriwa kuwa kilomita za mraba 1,300,000 hivi, yaani linaizidi Tanzania kwa zaidi ya theluthi moja. Milima ya Himalaya na nyanda za juu za Tibet huzikinga pepo zenye unyevu zitokazo upande wa Bahari ya Hindi, na kwa sababu hiyo mvua ni haba sana. Wakati wa baridi halijoto huweza kushuka hadi nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Wakati wa kiangazi hupanda kupita nyuzi 35. Mwanafunzi aliyezoea kudhani kwamba jangwa maana yake ni nchi ya joto na atazame ramani tena. Kinacholifanya jangwa liwe jangwa ni ukosefu wa maji, wala si ukali wa jua.

Katika nchi hiyo, mnamo tarehe 13 Julai 1923, mtaalamu mmoja wa kuchimbua visukuku, George Olsen, alirudi kambini akasema kwamba ameona mayai yaliyogeuka mawe. Wenzake walimcheka. Baada ya chakula walikwenda kutazama, na kicheko kikaisha. Makala hii inaeleza jinsi kundi hilo la watu lilivyofika mahali pale pasipokuwa na barabara, jinsi mayai yale yalivyosomwa vibaya, na kwa nini ilichukua miaka 70 kulisahihisha kosa lenyewe.

Walichokwenda kutafuta

Safari hizo ziliandaliwa na Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe la Marekani, lililoko New York, kati ya mwaka 1922 na 1930. Kiongozi wake alikuwa Roy Chapman Andrews, aliyezaliwa mwaka 1884, ambaye kazi yake ya kwanza katika jumba hilo ilikuwa kusugua sakafu. Mkuu wa utafiti wa visukuku alikuwa Walter Granger. Aliyekuwa rais wa jumba hilo wakati ule, Henry Fairfield Osborn, aliamini kwamba Asia ya Kati ndiyo chimbuko la wanyama wengi wanyonyeshao, na kwamba hata mwanadamu alianzia huko. Kwa hiyo msafara ulikwenda Gobi kutafuta mifupa ya wahenga wa binadamu.

Hawakuipata. Mwaka 1925, Raymond Dart alitangaza fuvu la Taung kutoka Afrika ya Kusini, na tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona katika Bonde la Olduvai fuvu lililokuja kuitwa Zinjanthropus. Kwa ufupi, walichokitafuta Gobi kilikuwa kimelala katika udongo wa Afrika. Lakini mtafiti aliye macho haachi kuokota alichokiona kwa sababu tu sicho alichotumwa, na hapo ndipo sifa ya Andrews na wenzake ilipo.

Gari na ngamia

Msafara wa kwanza uliondoka mji wa Kalgan mwezi Aprili 1922, ukapita katika lango la Ukuta Mkuu wa China na kushika njia ya zamani ya wafanyabiashara wa chai iendayo Urga, mji ambao tangu mwaka 1924 unaitwa Ulaanbaatar. Ulikuwa na magari matatu ya Dodge, malori mawili na ngamia wapatao 75. Watu wengi waliona kwamba kupeleka magari jangwani ni upuuzi. Hapakuwa na barabara, hapakuwa na karakana, wala ramani ya kutegemewa.

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini Andrews hakuwasikiliza. Ngamia aliyebeba mzigo huenda kilomita 25 hivi kwa siku. Gari, hata kwenye ardhi mbaya, liliweza kwenda kilomita 150. Tuseme mahali pa kuchimba pako umbali wa kilomita 1,500. Kwa ngamia safari ni siku 60 kwenda na siku 60 kurudi. Kwa gari ni siku 10 kwenda na 10 kurudi. Majira ya kufanya kazi Gobi ni miezi mitano tu, takriban siku 150, kabla baridi haijafunga njia. Atumiaye ngamia peke yao anabakiwa na siku 30 za kuchimba. Mwenye gari anabakiwa na siku 130.

Lakini ngamia hula majani ayakutayo njiani, na gari halili majani. Petroli, mafuta ya mashine, matairi, unga, mchele na mahema vilipaswa kufika kabla ya magari. Kwa hiyo ngamia walitangulia wiki nyingi mapema, wakiongozwa na Mmongolia aliyeitwa Merin, wakapiga kambi penye visima vilivyokubaliwa. Magari yalikwenda kutoka kisima hadi kisima yakifuata shehena yao wenyewe. Mwaka 1925 msafara ulikuwa na ngamia 125 na watu wapatao 40. Vitabu vingi humsifu Andrews na bastola yake, lakini kwa maoni yangu mtu ambaye bila yeye magari yote yangalisimama ni huyo Merin, aliyejua visima, malisho na tabia za wanyama wake.

Kuna jambo jingine lililowasaidia. Watu hudhani Gobi ni bahari ya mchanga, kumbe sehemu yake kubwa ni uwanda wa changarawe. Upepo huvuma miaka nenda miaka rudi, ukapeperusha vumbi na mchanga mwepesi, na kuacha kokoto nzito zikishikana juu ya ardhi kama sakafu. Juu ya sakafu hiyo gari laweza kwenda. Upepo uo huo pia hukwangua miamba laini na kufichua mifupa iliyomo. Nguvu moja ya maumbile, basi, iliwapa barabara na ikawafunulia visukuku. Mwalimu wa jiografia afundishaye mmomonyoko unaosababishwa na upepo hatapata mfano ulio bora kuliko huu.

Majabali mekundu

Mapema Septemba 1922, msafara ukiwa njiani kurudi na ukiwa umepotea njia, magari yalisimama ili watu waulize habari kwenye mahema ya wachungaji. Mpigapicha J. B. Shackelford alitembea hatua chache pembeni, na ghafula akajikuta kwenye ukingo wa bonde lenye majabali mekundu. Juu ya nguzo moja ya mwamba palikuwa na fuvu jeupe. Wamongolia wanaotumia lugha yao huliita eneo hilo Bayanzag, maana yake mahali penye miti mingi ya zag, mti mfupi mgumu wa jangwani. Wageni waliliita Majabali ya Moto, kwa kuwa jua la jioni huyafanya yang'ae kama makaa.

Miamba hiyo ni mchanga ulioshikamana, uliowekwa na upepo katika kipindi cha Kretasia, miaka milioni 70 hadi 75 iliyopita. Fuvu lile lilikuwa la dinosaria ambaye hakuwa akijulikana, akaitwa Protoceratops andrewsi. Alikuwa mla majani wa miguu minne, mwenye urefu wa mita mbili hivi, mdomo kama wa kasuku, na ngao ya mfupa nyuma ya kichwa. Mifupa yake ilijaa pale kiasi kwamba baada ya muda wachimbaji walikutana nayo kama mchungaji akutanavyo na mifupa ya kondoo.

Mwaka 1923 walirudi, na Olsen akayaona mayai. Yalikuwa marefu, yenye ganda la mikunjomikunjo, nayo yalipangwa kwa duara. Hayakuwa ya kwanza kuonekana duniani, kama ilivyosemwa mara nyingi. Vipande vya maganda vilipatikana kusini mwa Ufaransa mwaka 1859, lakini aliyevipata alidhani ni vya ndege mkubwa. Mayai ya Gobi ndiyo yaliyowafanya wataalamu wote wakubali kwamba dinosaria walitaga.

Kuyatoa mayai hayo na mifupa iliyokuwa nayo haikuwa kazi ya sululu. Mchanga uliondolewa kwa brashi na sindano, gundi ikamwagiwa penye nyufa, kisha kisukuku kikafungwa kwa vitambaa vya gunia vilivyochovywa katika uji wa unga, kama daktari afungavyo mfupa uliovunjika. Vitambaa vilipokwisha, walikata mahema. Unga uliotumika ulikuwa ule ule wa chakula, na ilipobidi kuchagua kati ya tumbo na mifupa, mifupa ilipewa haki yake. Ngamia nao walikuwa wakipukutika manyoya ya majira ya baridi, basi manyoya hayo yakatumika kujazia masanduku.

Hukumu ya haraka

Hapa ndipo msomaji apaswapo kusoma polepole. Mayai yalikuwa ya nani? Wataalamu walisema ni ya Protoceratops. Hoja yao ilikuwa hii: mnyama aonekanaye kwa wingi kuliko wote mahali hapa ni Protoceratops, mayai haya ni mengi mahali hapa, basi ni yake.

Juu ya kundi moja la mayai palikuwa na mifupa ya dinosaria mwingine, mdogo, atembeaye kwa miguu miwili, mwenye mdomo usio na meno. Fuvu lake, lililopondeka, lilitenganishwa na mayai kwa mchanga wa sentimita 10 tu. Alikuwa akifanya nini pale? Kwa kuwa mayai yalikwisha kuhesabiwa kuwa ya Protoceratops, jibu lilijitokeza lenyewe: alikuja kuyaiba, akafunikwa na tufani la mchanga katikati ya uhalifu. Mwaka 1924 Osborn alimpa jina la Oviraptor philoceratops, maana yake mwizi wa mayai, apendaye jamii ya dinosaria wenye pembe. Kwa haki ya Osborn, ni lazima tuseme kwamba yeye mwenyewe aliandika tahadhari kuwa jina hilo huenda likapotosha kuhusu chakula na tabia ya mnyama. Tahadhari ilisahauliwa; jina likaingia vitabuni, na kwa miaka mingi watoto wa shule walionyeshwa picha ya mwizi akiwa na yai mkononi.

Mwalimu na aandike ubaoni mambo yaliyoonekana: kuna mayai, kuna mifupa ya Protoceratops jirani, kuna fuvu la mnyama wa pili juu ya mayai. Hayo tu. Kwamba mayai ni ya Protoceratops hakuna aliyeyaona, maana ndani ya mayai hapakuwa na kiinitete kinachotambulika. Kwamba yule wa pili alikuwa mwizi hakuna aliyeyaona pia. Kisio la kwanza lilifanywa kuwa ukweli, kisha la pili likajengwa juu yake. Nyumba ya pili ilikuwa imara kabisa. Msingi ndio haukuwapo.

Si kila walichookota pale kilikuwa cha dinosaria. Mwaka 1925 mtaalamu wa mambo ya kale Nels Nelson alichunguza vilima vya mchanga vilivyo karibu na majabali yale, akakuta zana za mawe za watu walioishi pale zamani. Miongoni mwa vitu vyao vilikuwamo vipande vya maganda ya mayai ya mbuni na ya dinosaria, vilivyochongwa viwe mapambo. Yaani maelfu ya miaka kabla ya Olsen, mtu fulani alikwisha kuyaona mayai hayo, akayapenda, wala hakupeleka habari New York.

Yai la dola 5,000

Ili kupata fedha za safari iliyofuata, yai moja liliuzwa kwa mnada huko Marekani kwa dola 5,000. Andrews alijuta baadaye. Serikali za China na Mongolia zilipoona kwamba yai moja lina thamani hiyo, zilijiuliza masanduku yote yaliyokwisha kuondoka yalikuwa na utajiri gani, na maelezo kwamba ni mali ya elimu tu hayakusadikika tena. Baada ya 1925 msafara haukurudi katika nchi ya Mongolia. Safari za 1928 na 1930 zilifanyika ndani ya mipaka ya China, kisha zikakoma.

Waliofuata walikuwa Warusi, baada ya Vita Kuu ya Pili, na malori yao yaliyofika bonde la Nemegt. Kati ya mwaka 1963 na 1971 zilifanyika safari za pamoja za Poland na Mongolia zilizoongozwa na mwanasayansi mwanamke, Zofia Kielan-Jaworowska. Mwaka 1971 safari hizo ziliwapata Protoceratops na dinosaria mla nyama, Velociraptor, wamekumbatiana katika vita, mkono wa mmoja ukiwa kinywani mwa mwingine. Na watafiti wa Mongolia wenyewe, akiwamo Rinchen Barsbold, walichunguza jamii nzima ya Oviraptor kwa makini kuliko mtu yeyote kabla yao.

Lori lililokwama

Mwaka 1990 wanasayansi wa New York walirudi, safari hii wakishirikiana na Chuo cha Sayansi cha Mongolia. Julai 1993 lori lao la petroli lilikwama mchangani. Walilazimika kupiga kambi karibu, na kesho yake wakaenda kutazama vilima vidogo vilivyokuwa hapo, paitwapo Ukhaa Tolgod, ambavyo hapo awali hawakuvitilia maanani. Ndani ya saa chache walitambua kwamba wamefika kwenye mojawapo ya hazina kubwa za visukuku duniani.

Kati ya vitu vya mwanzo walivyoviona ni yai lililopasuka, la aina ile ile ya Majabali ya Moto. Ndani yake mlikuwa na mifupa myembamba ya kiinitete. Iliposafishwa, ikaonekana wazi kwamba si kiinitete cha Protoceratops. Kilikuwa cha jamii ya Oviraptor. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1994. Mwaka uliofuata kikaelezwa kiunzi cha dinosaria mzima wa jamii hiyo hiyo, aliyekutwa juu ya mayai: miguu imekunjwa katikati ya duara, na mikono imetandazwa kuyazunguka mayai pande zote mbili. Yeyote aliyefuga kuku ameliona umbo hilo. Alikuwa akiatamia.

Mshtakiwa wa 1923, basi, yaelekea hakuwa mwizi, bali mzazi aliyekufa juu ya mayai yake. Aliuawaje? Huko Ukhaa Tolgod mifupa mingi imo katika mchanga usio na tabaka, tofauti na ule unaowekwa na upepo, ambao huwa na tabaka za mshazari. Wanajiolojia waliochunguza jambo hili walieleza mwaka 1998 kwamba mvua kubwa zililowesha miteremko ya vilima vya mchanga, mchanga mzito ukaporomoka ghafula na kuwafunika wanyama walipokuwa. Pamoja na hayo, mnyama aliyeatamia hakukimbia.

Lilibaki swali moja: kama mayai yale si ya Protoceratops, yake yako wapi, ilhali mifupa yake ni mingi hivyo? Jibu lilikuja mwaka 2020, wanasayansi walipoonyesha kwamba mayai ya Protoceratops yalikuwa na ganda laini, kama ya kasa na nyoka. Ganda laini huoza upesi, ni nadra ligeuke jiwe. Wale wa 1923 walitazama mayai magumu yaliyohifadhika, wakampa mnyama ambaye mayai yake hayakuhifadhika. Hawakuwa wajinga, walihesabu kilichokuwapo bila kujiuliza ni kitu gani kingeweza kupotea.

Jina la Oviraptor halikubadilishwa wala halitabadilishwa. Kanuni za kimataifa za kutaja majina ya wanyama husema kwamba jina lililotangulia kutangazwa kwa utaratibu hubaki, hata maana yake ikiwa ya uongo.

Visukuku ni vya nani

Safari za magari Gobi haziishi. Siku hizi makundi ya watalii huenda Bayanzag kwa magari ya magurudumu yanayosukumwa yote manne, na kila dereva aonaye njia ya mwenzake imeharibika huanzisha nyingine kando yake, hata uwanda ukajaa michirizi sambamba ambayo majani hayaoti tena kwa miaka mingi. Wengine huja kwa jambo baya zaidi. Ijapokuwa tangu mwaka 1924 sheria za Mongolia zimevifanya visukuku kuwa mali ya taifa, vimekuwa vikichimbwa usiku na kuuzwa nje.

Mei 2012 kiunzi cha Tarbosaurus, dinosaria mkubwa mla nyama wa Gobi, kiliuzwa kwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni moja. Mwanasayansi wa Kimongolia, Bolortsetseg Minjin, alikuwa miongoni mwa waliotoa taarifa kwamba mnyama wa aina hiyo hawezi kuwa ametoka kwingine. Serikali ya Mongolia ikapeleka shauri mahakamani, mauzo yakabatilishwa, na mwaka 2013 kiunzi kikarudishwa Ulaanbaatar. Kiliwekwa katika jengo lililokuwa makumbusho ya Lenin, ambalo liligeuzwa kuwa makumbusho ya dinosaria. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka Tendaguru, mkoani Lindi, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 mamia ya wachukuzi walibeba mifupa vichwani hadi pwani ili ipelekwe Berlin, ambako imo hadi leo.

Bolortsetseg alipata pia basi lililotengenezwa ndani yake kama makumbusho, akalipeleka Gobi kwa watoto wa wachungaji. Wengi wao walizaliwa kilomita chache tu kutoka mahali ambapo Olsen aliona mayai, na kabla ya basi hilo kufika hawakuwa wamewahi kuambiwa kuna nini chini ya mchanga wao.